Kinachokaa Nyuma ya Salamu

Fomu ya ridhaa ilikuwa na kurasa saba. Niliisoma yote, mstari kwa mstari, nikiwa nimeketi kwenye benchi la wadi ya watoto, na hakuna aliyenihimiza. Kitandani, binti yangu Kabibi alikuwa amejikunja kama jongoo aliyeguswa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Maumivu yalimwanza siku iliyotangulia penye kitovu, yakateremka upande wa kulia, akatapika chakula, kisha akatapika hata maji. Picha ya tumbo ilionyesha kwamba kidole tumbo kimevimba, ila hakijapasuka.

Muuguzi wa utafiti aliitwa Dorcas. Alitueleza kwamba kwa miaka mingi ugonjwa huu umekuwa na tiba moja, nayo ni kisu. Siku hizi madaktari wa nchi kadhaa wamejaribu kuwapa wagonjwa dawa za kuua vijidudu pekee, na wengi wamepona bila kupasuliwa, ingawa baadhi yao walirudi kupasuliwa baadaye. Hospitali ile ya Malindi, iliyotupokea sisi wa Jilore, ilitaka kujua ni tiba ipi inayomfaa zaidi mtoto anayeishi mbali na daktari. Nusu ya watoto wangepasuliwa, nusu wangepewa dawa. Mzazi hangechagua, wala daktari. Bahasha iliyofungwa ndiyo ingeamua.

Mama mkwe wangu, ambaye nyumbani sote tunamwita Hawe kama wanavyomwita wajukuu, alisikiliza mpaka mwisho akiwa amejitanda leso. Kisha akasema kwamba hata mganga hupiga ramli yake kabla ya kutoa dawa, tofauti ni kwamba mganga hana bahasha. Dorcas alicheka, nami nikacheka kidogo, lakini Hawe hakucheka.

Nilijua sababu. Mwanawe wa kwanza, kaka yake mume wangu, alipasuliwa tumbo miaka mingi iliyopita na hakurudi nyumbani akiwa hai. Tena Kabibi ni jina lake Hawe. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na jina hilo si pambo. Hawe hakuwahi kumwita mjukuu wake kwa jina. Alimwita "mimi." Mimi amekula? Mimi amelala? Kwa hivyo kisu kilichotajwa mbele yake hakikuwa cha mtoto peke yake.

Mume wangu, Mwambire, ni mwashi, na siku hiyo alikuwa kazini mtaa wa Shella, hapo hapo Malindi. Nilimpigia simu, akaniambia kwamba nikisoma nikaelewa, nitie sahihi, yeye ananiamini. Miaka miwili kabla ya hapo ningechovya kidole gumba kwenye wino na mtu mwingine angeandika jina langu pembeni. Safari hii niliandika mwenyewe. Kabibi naye aliulizwa kama ameridhia, akaitikia kwa kichwa. Dorcas akafungua bahasha mbele yetu. Ilikuwa dawa.

Hawe alifunika uso kwa leso akamshukuru Mungu. Mimi pia nilishukuru, na nakiri kwamba furaha ile ilinilegeza akili.

Dawa ilipita kwenye dripu kwa siku mbili, na mtoto akapata nafuu ya kweli. Alikunjua miguu, akanywa uji, akamtania mgonjwa wa kitanda cha pili kwa sababu alikoroma kama mashine ya kusaga. Siku ya tatu tuliruhusiwa kurudi nyumbani tukiwa na vidonge, kipimajoto, na karatasi moja ya dalili za hatari. Dorcas angetupigia simu kila siku saa tatu asubuhi. Alinitaka niisome karatasi kwa sauti, nami nikaisoma bila kukwama. Joto likifika thelathini na nane, rudi. Akitapika, rudi. Tumbo likiwa gumu, rudi. Mstari wa mwisho ulisema hivi: "Maumivu makali yakikoma kwa ghafla, usidhani amepona. Rudi hospitali mara moja."

Mstari huo niliusoma vizuri lakini sikuufahamu. Iweje mtu arudi hospitali kwa sababu haumwi? Dorcas aliniuliza kama nina swali, nami nilitaka kuuliza. Lakini Dorcas alikuwa ameshanisifu kwamba nasoma vyema kuliko wazazi wengi, nami nikaona haya kuiharibu sifa hiyo kwa swali. Nikaikunja karatasi nikaitia kifuani.

Nyumbani, siku ya kwanza ilipita salama. Dorcas alipiga, akaniuliza, nikamjibu, akaandika. Siku ya pili alfajiri Kabibi aliniamsha akiwa ameuma ncha ya shuka. Maumivu yalikuwa yamerudi mahali pale pale, makali kuliko mwanzo. Nilimpima joto: thelathini na saba na nukta tisa. Nilikitikisa kipimajoto nikapima tena. Nukta tisa. Karatasi ilitaka thelathini na nane. Nilimpa kidonge chake na kujiambia kwamba saa tatu Dorcas atapiga, nitamweleza, naye atasema la kufanya.

Kulipokucha hatukuwa na tone la maji ndani ya nyumba. Nilimwachia Hawe simu na mtoto, nikachukua mtungi kwenda bombani nikijua kwamba nitarudi kabla ya saa tatu. Foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi, nilimsikia Hawe kutoka uani akizungumza kwenye simu kwa sauti yake ya wageni, ile ya taratibu na heshima. Alisema kwamba hatujambo, na mgonjwa hajambo, na nyumba nzima ni salama, tunamshukuru Mungu. Kisha akaitazama simu, akaiweka sikioni tena, akaitazama.

"Amekata," akaniambia. "Msichana yule hana adabu."

Nilimuuliza kwa nini amemwambia kwamba mgonjwa hajambo, na hali anamsikia akiguna kwa maumivu chumbani. Hawe alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo.

"Mtu anakujulia hali hata pumzi hajavuta, umrukie na maradhi? Nilikuwa namngoja amalize salamu nimweleze. Ameuliza mara tatu, nikamjibu mara tatu, akasema asante, akakata."

Sikuweza kumlaumu, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa. Mtu hata akija kutangaza msiba huulizwa habari za kwake, naye hujibu kwamba ni njema. Huulizwa za watoto, ni njema. Za safari, ni njema. Kisha hukaa, hunyamaza, na mwenyeji humngojea. Ndipo husema: isipokuwa ni hili. Jambo zito hukaa nyuma ya salamu, na kila mtu wa kwetu hujua kulingoja. Dorcas alikuwa mzaliwa wa bara, tena alikuwa na watoto wengine wengi wa kupigiwa simu asubuhi ile.

Nilipiga namba yake. Iliita mpaka ikakatika. Nilipiga tena na tena, nadhani alikuwa wadini. Kila robo saa nilimpima mtoto joto, na kila mara zebaki ilisimama chini ya mstari, nukta tisa, nukta nane, nukta tisa, kama mtu anayesimama kizingitini bila kupiga hodi. Nilijiambia kwamba ikigusa tu mstari, nitaondoka. Kabibi hakulia. Alikuwa akihesabu boriti za dari kwa sauti ya chini, akifika mwisho anaanza upya.

Ilipofika saa sita kasorobo aliacha kuhesabu.

Niliingia mbio nikamkuta amelala chali, macho yamefumbuka, miguu imenyooka. Akaniambia kwamba haumwi tena. Ilikuwa, alisema, kama mtu aliyekuwa amembana kwa koleo amechoka akaachia. Hawe alipiga magoti pale mlangoni akashukuru kwa sauti, kisha akainuka akaenda uani kumkamata kuku, kwani "mimi" amefunga siku nyingi na sasa atakunywa mchuzi.

Mimi nilibaki nimesimama. Nilitoa karatasi kifuani. Mstari ulikuwa pale pale. Niliusoma mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa kidole, mara ya tatu kwa sauti. Yakikoma kwa ghafla. Nilimtazama mwanangu aliyekuwa akitabasamu. Midomo yake ilikuwa mikavu na alikuwa akivuta pumzi fupi fupi. Nilipotaka kumfunika leso tumboni, aliuzuia mkono wangu kabla haujamgusa.

Nilimpigia mume wangu nikamweleza yote, nikamsomea mstari ule. Nikasikia mwiko ukikwaruza nyuma yake.

"Mama Kabibi," akasema, "asubuhi ulitaka mtoto asiumwe. Sasa haumwi, nawe unamtafutia kisu."

Nilimwambia kwamba si mimi, ni karatasi. Akanijibu kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza, kwamba karatasi imeandikiwa watoto wote na Kabibi ni mmoja. Kwamba joto halijafika. Kwamba muuguzi mwenyewe amepiga asubuhi na ameridhika. Nami nikakumbuka aliridhishwa na nini. Nilimwambia kwamba naenda. Hakusema niende wala nisiende.

Hawe alikuwa amesimama mlangoni, amemshika kuku kwa miguu, kichwa cha kuku kikining'inia. Alikuwa amesikia yote.

"Ukimpeleka watampasua," akasema. "Wa kwanza aliondoka hapa akitembea kwa miguu yake. Niliambiwa ningoje nje."

Kama nimesoma vibaya, ningekuwa nimemtoa mtoto mzima chini ya mikono ya bibi yake na kumpeleka penye kile kile kisu ambacho bahasha ilimwepusha nacho. Kama nimesoma vyema, kila dakika ya mabishano ilikuwa ikilipwa na tumbo la mwanangu. Nilimwinua Kabibi nikambeba mgongoni, mtoto mkubwa vile, nikatembea naye hadi chumba cha kanisa tunapofanyia masomo ya watu wazima.

Mwalimu wetu, Bwana Odera, alikuwa akifuta ubao. Nilimpa karatasi nikamwomba asome mstari wa mwisho aniambie kama nimeusoma sawa. Akausoma kimya kimya, akatikisa kichwa kukubali.

"Umesoma sawa."

"Na maana yake, mwalimu?"

"Maana yake siijui. Lakini aliyeandika hakuwa anajaza nafasi." Akachukua ufunguo wa pikipiki yake.

Tulimweka Kabibi katikati yetu. Mwalimu alizoea kututania darasani kwamba tunasoma kwa mwendo wa kinyonga, na mara zote nilimjibu kwamba kinyonga hufika. Siku hiyo hakunitania. Hadi Kakoneni mtoto alikuwa mtulivu. Tulipoingia kwenye lami alianza kuguna kila tulipopita tuta. Tulipokaribia mji alisema kwamba sasa anaumwa kote, si upande wa kulia tu, kote, nami nikamhisi akitetemeka kwenye kifua changu wakati jua la saa nane linachoma.

Hospitalini, msaidizi wa mapokezi aliandika jina la mtoto akatazama kompyuta yake. Aliniambia bila ubaya wowote kwamba mgonjwa huyu amepigiwa simu leo asubuhi na imeandikwa kwamba hajambo, hana maumivu. Basi niketi, wako watu thelathini mbele yangu, nitaitwa. Nikasema kwamba mambo yamebadilika. Akasema nitamweleza daktari zamu yangu ikifika. Benchi lilikuwa limejaa mpaka ukutani. Nilimlaza Kabibi sakafuni juu ya leso yangu, nikaweka kiganja tumboni mwake polepole. Lilikuwa gumu kama ubao wa kukatia nyama.

Ndipo Daktari Fazal alipotokea kwenye ushoroba. Ni mzee wa ndevu nyeupe, mtoto wa wafanyabiashara wa mjini, daktari mkuu wa upasuaji. Wagonjwa wote wanajua kwamba hupenda kuamkiwa, na asiyemwamkia humrudisha mlangoni aingie upya, kwa mzaha, lakini humrudisha. Watu wa benchi walianza, shikamoo daktari, shikamoo daktari, naye akawa anaitikia marahaba huku akitembea. Alipofika kwangu nilisimama mbele yake nikaziba njia. Sikumwamkia.

"Maumivu makali yalimrudia alfajiri. Saa sita kasorobo yakakoma kwa ghafla. Sasa anaumwa tumbo zima na limekuwa gumu. Ameandikwa kwamba hajambo. Si kweli, anaumwa sana."

Mwanamke mmoja kwenye benchi alifyonya. Daktari alinitazama kama mtu aliyeingiliwa nyumbani kwake bila hodi. Kisha macho yake yakashuka sakafuni, akainama kwa tabu, akaweka vidole vitatu tumboni mwa mtoto, akabonyeza, akaviinua haraka. Kabibi, ambaye siku nzima hakulia, alilia kwa sauti iliyonyamazisha ushoroba mzima.

"Nani alikwambia kwamba kukoma ni hatari?" akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Karatasi yenu."

Akaita kitanda cha magurudumu.

Tukitembea bega kwa bega alinieleza kile nilichoona haya kukiuliza. Kidole tumbo kilichovimba huuma kwa sababu kimejaa na kukazwa. Kikipasuka, mkazo hutoka, na mgonjwa hupata raha kwa saa chache, kumbe usaha umemwagika tumboni na sumu inatambaa. Wengi hufia kwenye raha ile, alisema, kwa sababu nyumba nzima imekwisha shukuru. Nilikumbuka yule kuku.

Fomu ya pili ilikuwa na ukurasa mmoja. Mwambire alifika nikiwa nimeishika, miguu yake imejaa saruji mpaka magotini, viatu mkononi. Hakuniuliza kitu. Muuguzi alimpa kalamu kwa kuwa ndiye baba. Aliishika, akaitazama fomu, akanirudishia mimi.

"Tia wewe," akasema.

Nilitia. Jina halikukaa sawa kwenye mstari.

Tulingoja nje, kama alivyongoja Hawe. Kila mlango uliposukumwa nilisimama, na kila mara alikuwa mtu wa ndoo au mtu wa faili. Mwambire alikuwa akibandua saruji kwenye kucha zake, ukucha mmoja baada ya mwingine, akavimaliza vidole vyote kumi akaanza upya, nami nikamkumbuka Kabibi na boriti zake. Mwalimu Odera alituletea maji akaondoka bila kuaga.

Dorcas alikuja akiwa anakimbia. Alikuwa ameona simu zangu tisa. Alisimama mbele yetu akasema kwamba ni yeye aliyeandika "hajambo" kwa mkono wake, kwani aliuliza mara tatu na mara tatu akajibiwa. Nilimweleza jinsi salamu zinavyokwenda kwetu, na kwamba jibu la kweli lilikuwa la nne, ila alikata simu kabla halijafika. Alikaa chini. Nami nikamwambia langu: kwamba siku ile alipouliza kama nina swali, nilikuwa nalo, nikalificha ili anione msomi. Tuliketi hivyo kwa muda, watatu, kila mmoja na lake.

Mlango ulifunguliwa jua likiwa limeshuka kwenye madirisha ya magharibi. Daktari Fazal alikuwa na kofia ya kijani na uso uliochoka. Alisema kwamba kilikuwa kimepasuka, na wamelisafisha tumbo mara nyingi. Alisema mtoto yu hai, lakini kesho ndiyo itakayosema. Lau mngefika jioni, akaanza, kisha akauacha mstari huo bila kuumaliza.

Kesho ilisema taratibu. Joto lililokataa kufika thelathini na nane nyumbani lilipanda mpaka thelathini na tisa na nusu usiku ule, likashuka, likapanda tena. Siku ya tatu alfajiri lilishuka likabaki chini. Hawe aliletwa asubuhi hiyo. Aliingia wadini akiwa amevaa leso mbili mpya, akaenda moja kwa moja kitandani, akafunua shuka, akautazama mshono kwa muda mrefu bila kuugusa.

"Mimi," akasema, "wamekushona vibaya. Ningekushona vyema zaidi."

Kabibi alicheka, akashika tumbo kwa uchungu wa kucheka, akamsihi asimchekeshe. Hawe aligeuka ukutani, na mabega yake yalikaa yakitikisika kwa muda.

Daktari Fazal alipopita katika mzunguko wake wa asubuhi nilisimama nikamwamkia, "Shikamoo, daktari."

"Marahaba," akajibu, akitazama chati. "Hiyo nimeingojea tangu juzi."

Kabla hatujatoka hospitalini, Dorcas alileta fomu akauliza kama tunataka kuendelea na utafiti au kujitoa. Tulikuwa na haki ya kujitoa na tiba ya mtoto isingepungua. Mwambire alidhani nitajitoa. Nilimwomba Dorcas anionyeshe mahali palipoandikwa "hajambo." Akanionyesha. Utaratibu wao haukuruhusu kufuta, akapiga mstari mmoja juu yake ili neno liendelee kusomeka, akaweka tarehe na jina lake, na pembeni akaandika niliyomsomea kutoka kwenye daftari langu la masomo, nilimokuwa nimeandika siku ile kwa penseli: alfajiri maumivu makali, saa sita kasorobo yamekoma ghafla, dawa haikumtosha. Nilimwambia aandike na saa. Kisha nikatia sahihi ya kuendelea.

Sasa ni wiki ya tano. Simu huja mara moja kwa wiki, siku ya Jumatano saa tatu. Jana ilipoita nilikuwa napepeta mahindi, Hawe akaipokea, nami nikasogea karibu, ungo mkononi, tayari kuinyakua. Dorcas aliuliza habari za nyumbani, Hawe akasema ni njema. Akauliza za watoto, ni njema. Akauliza za mgonjwa, hajambo kabisa, tunamshukuru Mungu.

Dorcas hakusema asante. Alinyamaza. Nilisikia kelele za wadi upande wake, kitanda kikisukumwa, mtoto akilia mbali, na yeye mwenyewe kimya, anangoja.

Hawe akavuta kigoda akakaa.

"Isipokuwa ni hili," akasema. "Mshono unamwasha upande wa chini, na jana haukuwa hivyo."